Nafasi ya Mizani Moja

Witness Malogo alikuwa na ugonjwa wa kuhesabu mizani, na aliyemwambukiza ni baba yake, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi kule Chamwino. Watoto wenzake walihesabu vijiti. Yeye alihesabu silabi kwa vidole, nane upande huu na nane upande ule, na pungufu ya hapo ilikuwa aibu ya nyumba nzima. Alipokuwa mtu mzima alihesabu mabango ya barabarani na majina ya maduka, na Jumapili moja kanisani alijikuta anahesabu tangazo la ndoa ya watu asiowajua. Mstari ukipungua mizani moja alipata mwasho, na mwasho haukuisha mpaka autengeneze.

Ugonjwa huo ulimpa kazi ya uhariri wa miswada katika kampuni ndogo ya filamu mjini Dodoma. Ugonjwa huohuo ulitaka kumfukuzisha.

Ilikuwa hivi. Kampuni ilipata mswada wa mzee Damiani, Msandawe wa Kwa Mtoro aliyehamia Msalato miaka mingi iliyopita. Kisa chenyewe kilikuwa cha mama anayemtafuta mwanawe aliyepotea na mbuzi vilimani. Ndani yake mlikuwa na wimbo, na ubeti wake ulianza hivi:

Kila jua likizama, mama huniita —ka,
Zizini wamesimama, mbuzi wote wamefika.

Witness aliinua vidole. Mstari wa pili ulikuwa salama. Wa kwanza, upande wa kushoto nane, upande wa kulia saba. Akarudia. Saba. Akatazama ile "ka" iliyokaa peke yake baada ya kistari, akaona mambo yalivyo: mzee amechapa kwa kidole kimoja, herufi zimemponyoka, alitaka kuandika "kaka". Mama huniita kaka. Mizani nane kamili, na kina hakijaguswa. Isitoshe, kila mama wa filamu alipofungua mdomo kumwita mwanawe, mswada ulikuwa na "—ka" ileile, mara kumi na nne. Witness alizisahihisha zote kumi na nne, akatuma nakala safi kwa mwenyewe, akaenda kunywa chai akiwa na furaha ya mtu aliyefagia uwanja.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu Ijumaa jioni. "Naondoa mswada wangu. Mama yangu hakuniita kaka hata siku moja. Damiani."

Kesho yake asubuhi Abdulwahab alimwita ofisini. Abdulwahab alikuwa mtayarishaji na mwongozaji kwa pamoja, Mrangi wa Kondoa mwenye maneno ya haraka, na siku hiyo hata salamu aliiruka.

"Witness, nani alikutuma?"

"Bosi, mizani ilipungua."

"Mizani! Kwani hapa tunauza mchele?" Alishika kichwa. "Jumatatu saa moja asubuhi watu wote wapo Kolo. Kibali cha kupiga picha kule kwenye miamba yenye michoro ya kale nimekifuatilia miezi mitatu, na ni cha siku mbili. Leo Jumamosi. Nenda Msalato ukamrudishe yule mzee. Usiporudi naye, na wewe usirudi."

Witness aliogopa, tusimtafutie sifa ya ushujaa. Lakini akiwa nyuma ya bodaboda, upepo wa Msalato ukimjaza vumbi la ujenzi wa uwanja wa ndege, alikuta hofu imepungua na udadisi umeongezeka. Habari za Damiani mjini zilijulikana. Ujanani alikuwa mshairi wa magazetini, mwenye jina, akaacha. Akaanzisha bendi ya roki, watu wanne wenye magitaa ya umeme katika mji uliokuwa unataka dansi na kwaya. Waliiita Ukame, na kwa miaka mitatu vijana waliifuata kila ilikopiga, kisha akaacha. Sasa aliandika filamu, na leo alikuwa anaacha tena. Watu walisema ana majivuno. Witness hakuridhika na jibu hilo. Mtu mwenye majivuno huacha ili abembelezwe, na huyu, kwa habari alizozipata, kila alipobembelezwa alifunga mlango.

Alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anakata mche wa sabuni kwa waya mwembamba. Witness alipoangalia vizuri aliona kuwa waya ule ni uzi wa gitaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bila shaka wewe ndiye wa kaka."

"Ndiye mimi. Nimekuja kuomba radhi. Lakini mzee, kabla sijaomba radhi, naomba nijue nimekosa nini. Nikiomba sasa hivi nitakuwa nakudanganya."

Damiani alimtazama. Alikuwa mwembamba, mvi kichwani, miaka kama hamsini na tisa, na uso wake ulikuwa na ukali wa mtu aliyejizuia kucheka. Aliweka sabuni chini, akaingia ndani, akatoka na jalada kuukuu lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Soma. Ukiona kitu, niambie. Usipoona, bodaboda yako bado haijafika mbali."

Ndani mlikuwa na mashairi tisa, yamekatwa kutoka magazeti ya mwisho wa miaka ya themanini na mwanzo wa tisini, na nyuma ya kila moja kulikuwa na karatasi ya daftari yenye shairi lilelile kwa mwandiko wa kalamu. Mzee alirudi kwenye sabuni yake. Witness alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akaanza kusoma, na baada ya shairi la pili alisahau kuwa kazi yake iko hatarini.

Kwenye mwandiko wa kalamu, katika kila shairi, palikuwa na mama anayeita, na kistari, na "ka". Kwenye gazeti kistari hakikuwepo. Mhariri mmoja aliandika "mama aita haraka". Mwingine, "mama ananiita, ka", akaongeza koma kwa ushujaa. Wa tatu aliamua kuwa ni jina, akachapa "mama huniita Juka", na mtu huyo Juka hakuonekana tena popote katika shairi. Wahariri tisa, viraka tisa. Witness alihesabu kwa vidole mstari wa mwandiko, shairi baada ya shairi. Saba, saba, saba. Mtu asiyejua mizani hukosea huku na huko. Huyu alikosea palepale kila mara, na mistari mingine yote ilikuwa imenyooka. Mtu wa namna hiyo hajakosea.

Alihisi joto la aibu likipanda masikioni, na furaha ikipanda pamoja nalo, na hakujua aifuate ipi.

"Mzee," alisema, "hiki kistari siyo kistari."

Waya ulisimama katikati ya sabuni.

"Hapa pana silabi. Umeihesabu wewe, sisi hatuioni. Ni sauti gani?"

Damiani alifuta mikono kwenye suruali. "Miaka thelathini na tano," alisema, "na wewe ndiye wa kwanza kuuliza. Wengine wote walijaza."

Ndipo akamweleza. Damiani ni jina la ubatizo. Jina la nyumbani alipewa na bibi yake kwa Kisandawe, na silabi yake ya kwanza ina kidoko, ile sauti ya ulimi ambayo Kiswahili hakina herufi yake. Alipokuwa darasa la sita alimuuliza mwalimu wake anaiandikaje. Mwalimu akasema, weka kistari, tutaona baadaye. Baadaye yenyewe haikufika. Siku hizi wataalamu wana herufi zao, lakini mkono wake ulishazoea kistari. Mama yake alimwita kwa jina hilo kila jioni, amesimama juu ya jiwe, mbuzi wakirudi. Mama alifariki mwaka tisini na nane, na Damiani kwa wakati huo alikuwa na mtoto, na kila mtu, ndugu na jirani, akimwita Baba Generosa. Tangu mazishi yale hakuna kinywa kilicholitamka jina lile isipokuwa chake mwenyewe, tena katika nyimbo.

"Ukaacha mashairi kwa sababu ya wahariri," Witness alisema.

"Kwa sababu ya Juka." Mzee alitabasamu kidogo. "Ningemvumilia 'haraka'. Juka alinishinda."

"Na bendi?"

"Bendini niliimba mwenyewe, hakuna mhariri. Nikifika kwenye jina, magitaa yote yananyamaza, nalitamka. Vijana walilipenda. Kisha mpiga ngoma wetu, Petro, akasema, kaka, hiyo sauti mimi naitoa kwa vijiti, tena itasikika vizuri. Wenzangu wote wakakubali. Nikaona wanataka kuniita kwa vijiti. Nikaweka gitaa chini."

"Naomba nilisikie."

Damiani alibandika ulimi juu kwenye kaakaa, akauachia kwa nguvu, ukalia kama kizibo cha chupa, na mwisho wake ukaja ule "ka". Kuku wawili waliinua vichwa. Witness alijaribu. Ilitoka sauti ya mtu anayemwita paka. Alijaribu tena, na safari hii alijing'ata.

"Nani huyo mnayemwita?"

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa mwanamke mzee aliyejifunga kanga mbili, jicho moja limefunikwa kwa pamba, ameshika ukuta. Damiani alimtambulisha: dada yake mkubwa, Dorkasi, aliyekuja kutoka Kwa Mtoro Jumatano kwa matibabu ya macho. Witness aliinuka, akampa shikamoo, akamwachia ile ndoo.

"Tunataja jina langu, dada," Damiani alisema. "La mama."

"Jina gani?"

Damiani alilitamka tena, kwa nguvu ileile.

Dorkasi aligeuza kichwa, akamwelekezea jicho zima. "Huyo ni nani?"

"Ni mimi."

"Siyo wewe. Wewe si huyo." Akasogeza midomo, na ulimi wake ukagusa nyuma ya meno ya mbele, ukavutwa ndani polepole, sauti ndogo yenye unyevunyevu, na nyuma yake "ka" laini. Hata Witness, ambaye dakika kumi zilizopita hakujua lolote, alisikia kuwa ni jina jingine kabisa. "Hivyo ndivyo mama alivyokuita. Hilo lako la kupasua kuni umelitoa wapi?"

Damiani aliangalia uzi wa gitaa mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine ameuweka hapo. Witness alitamani kuuliza, akajizuia, akashindwa kujizuia.

"Mzee, ulikuwa unalitamka hivyo zamani? Kama dada yako hapa?"

"Ndiyo," alisema Damiani. "Nilikuwa nalitamka hivyo."

Kisha akaisema sehemu ya habari ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Mwaka wa kwanza wa bendi walialikwa kupiga kwenye tamasha, na mgeni rasmi alikuwa mkubwa mmoja amekaa mstari wa mbele, na mke wake, na walinzi. Damiani akaimba. Akafika kwenye jina, magitaa yakanyamaza, akalitamka mbele ya kipaza sauti kama mama alivyolitamka. Spika zikalikuza. Uwanja mzima ukasikia msonyo. Msonyo mrefu, wa wazi, umeelekezwa kwa mgeni rasmi. Watu wakaguna, mke wa mkubwa akashika kifua, na kabla wimbo haujaisha walishatolewa jukwaani wakiwa wamekamatwa mashati.

"Nilieleza. Nilieleza mpaka nikachoka. Waliniambia, hakuna jina la mtu linaloanza kwa kusonya. Basi nikatafuta sauti nyingine, ya juu, ambayo hakuna mtu angeiona ni matusi. Kisandawe kinayo pia, lakini siyo ya jina langu. Nikasema nitaitumia kwa muda, jukwaani tu. Halafu nikazoea. Halafu..." Alijaribu kulitamka sahihi. Ulimi wake uliruka juu wenyewe, tok. Akajaribu tena. Tok. Mara ya tatu aliacha, na Witness aliona macho ya mzee yamejaa maji.

"Nimewachukia wahariri tisa na mpiga ngoma mmoja," alisema. "Kumbe wao walijaza pengo tu. Aliyebadilisha jina ni mimi."

Dorkasi alinyoosha mkono akapapasa hewani mpaka ukalipata bega la mdogo wake, ukakaa hapo.

"Mwambie bosi wako," Damiani alimwambia Witness, bila hasira yoyote, na hilo lilitisha kuliko hasira, "kwamba hakuna mswada. Hapo mwanzo niliuondoa kwa kiburi. Sasa nauondoa kwa sababu haustahili. Nimetunga filamu nzima ya mama anayeita, na jina analoita si la mwanawe."

Witness alifungua mkoba wake. Alikuwa na nakala ya kwanza, ile aliyoichapa mzee kwa kidole kimoja, kabla yeye hajaisafisha. Aliifungua ukurasa wenye wimbo, akaiweka magotini pa Damiani juu ya vumbi la sabuni.

"Nionyeshe lilipokosewa."

"Binti, umesikia..."

"Nimesikia kwa masikio. Nionyeshe kwenye karatasi." Aliweka kidole kwenye kistari. "Hapa pameandikwa ile sauti ya kupasua kuni?"

Damiani aliangalia.

"Hapa hapajaandikwa kitu," Witness alisema. "Ni nafasi. Nafasi hii uliifungua ukiwa darasa la sita, wakati mama yupo na ulimi wako uko sawa, na hukuwahi kuijaza. Kila mtu aliijaza, na mimi nikiwemo, na wewe uliijaza kwa mdomo. Lakini kwa kalamu hukuijaza hata mara moja. Mswada hauna kosa, mzee. Ungeandika kitu chochote hapa, ndiyo tungekuwa tumepotea."

Mzee alihesabu. Witness alimwona, na moyo ukamlipuka kwa furaha: Damiani alikuwa anahesabu kwa vidole, gumba kikigusa kimoja kimoja, kama baba yake kule Chamwino. Alipofika kwenye kistari alikihesabia kidole chake, na kidole kikatosha.

"Nane," alisema.

"Nane."

"Na nani atalitamka? Mimi siwezi. Na yule mwigizaji wenu Shakila wa Tanga, mkimfundisha mpaka Krismasi, atang'ata ulimi ukatike."

Wote wawili, kwa wakati mmoja, walimgeukia Dorkasi.

"Kolo kuna nini?" Dorkasi aliuliza kwa mashaka. "Mimi nina dawa ya jicho ya kutia saa sita."

"Nitakutia mimi, mama," Witness alisema. "Saa sita kamili."

Jumatatu, miamba ya Kolo ilikuwa bado na ubaridi wa asubuhi walipopanga vifaa. Abdulwahab hakupendezwa hata kidogo. Alisema kuwa anaye mwigizaji mwenye sauti nzuri, na kwamba akisikia tena neno mizani atarudi kuuza ufuta. Lakini muda ulikuwa unakwenda, na kibali kilikuwa cha siku mbili. Shakila, aliyeigiza mama, akapanda juu ya mwamba na kanga yake. Dorkasi akakalishwa nyuma ya jiwe, asionekane, na Khalidi wa sauti akamwekea kipaza sauti karibu na mdomo. Walikubaliana kuwa Shakila ataviringa mikono mdomoni, na jina litatoka kwa Dorkasi.

Damiani alikaa mbali kidogo, juu ya sanduku la taa, mswada magotini. Witness alisimama karibu naye, chupa ya dawa ya jicho mfukoni.

"Kimya!" Abdulwahab alisema. "Piga!"

Shakila akaviringa mikono. Nyuma ya jiwe Dorkasi akavuta pumzi, akaita. Hakuita kwa sauti kubwa. Aliita kama mtu aliyekwisha kuwafunga mbuzi na ugali upo tayari, na ile silabi ndogo ya ulimi na meno, ambayo uwanja mzima uliwahi kuiona kuwa tusi, ikapita kati ya miamba ikiwa safi.

Damiani aliitika.

Aliitika kwa Kisandawe, neno moja, kwa sauti nyembamba isiyo yake, na alikuwa ameshasimama na kupiga hatua mbili kabla hajajua amesimama. Karatasi zikamwagika. Khalidi akavua vifaa vya masikioni. Abdulwahab akafungua mdomo apige kelele, akamtazama mzee, akaufunga.

"Kipande kimeharibika," alisema taratibu. "Tunarudia."

Walirudia mara nne, na mara zote nne Damiani aliitika.